Uzamili wa tiba kazi: jibu kwa mwalimu wa Langoni

Swali: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, nina miaka 27, nakaa Langoni, Lamu. Shahada yangu ya kwanza ni ya saikolojia. Mwaka jana bibi yangu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Hospitalini alihudumiwa na mtaalamu wa tiba kazi, yule anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku, na hapo ndipo nilipoijua fani hii na kuipenda. Lakini bibi alipoambiwa ajifunze kula kwa mkono wa kushoto alikataa katakata, na mpaka leo analishwa. Nimeona vyuo vya ng'ambo vinavyosema naweza kusoma uzamili wa tiba kazi ingawa shahada yangu ni ya kitu kingine. Kimoja kinafundisha kwa mtandao, miezi kumi na minane, bei nafuu. Binamu yangu anasema huo ni utapeli. Je, mtu anaweza kweli kuingia moja kwa moja? Nisome wapi? Nikirudi Lamu nitafanya kazi gani? Na bibi nimfanyie nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na binamu yako, kwa sababu amekosea lakini amekuokoa. Hicho chuo cha mtandaoni huenda si cha kitapeli hata chembe. Kasoro ni kwamba kozi yake haikutungwa kwa ajili ya mtu kama wewe.

Uzamili wa tiba kazi uko wa namna mbili, na kwenye tovuti za vyuo majina yake hufanana kama mapacha. Namna ya kwanza ni ya mtu anayeingia fani. Anakuja na shahada ya kitu kingine, anafundishwa kuanzia mifupa na misuli hadi ubongo, anapelekwa wodini chini ya msimamizi, na akimaliza anastahili kusajiliwa. Namna ya pili ni ya aliye ndani tayari. Huyo ana usajili wake, kazi ameifanya miaka, sasa anataka kubobea kwenye watoto au kwenye majeraha ya mkono, au anataka kujifunza utafiti. Huu wa pili ndio mara nyingi husomwa kwa mtandao, maana mwanafunzi wake hahitaji kutafutiwa mgonjwa. Wagonjwa anao kazini kwake. Wewe ukiusoma, tuseme wakupokee, utatoka na cheti halali cha chuo halali, na bado hutakuwa na ruhusa ya kumtengenezea mtu hata gango la kidole.

Kwa hiyo kabla hujaanza kutazama picha za bustani za chuo, waandikie barua pepe yenye swali moja: nikimaliza kozi hii, nitastahili kusajiliwa kuwa mtaalamu wa tiba kazi nchini kwenu? Jibu likija na maneno mengi yasiyo na "ndiyo" ndani yake, achana nao. Kisha uliza mafunzo ya vitendo ni saa ngapi. Shirikisho la dunia la fani yetu, WFOT, lililoanzishwa mwaka 1952, linadai zisipungue saa 1,000 za kazi chini ya msimamizi. Lina orodha ya kozi za mwanzo lilizozikubali, na mimi singelipa hata shilingi moja kwa kozi ya mwanzo isiyokuwemo humo.

Kuingia moja kwa moja, basi, inawezekana, ila si kila nchi. Marekani ndiko mlango ulikofunguliwa wazi zaidi kwa watu wa namna yako. Tangu 2007, kozi za shahada ya kwanza za kumfanya mtu awe mtaalamu wa tiba kazi hazitambuliwi tena huko. Ni uzamili au uzamivu. Mtu aliyetoka saikolojia ni mwanafunzi wa kawaida kabisa darasani. Watakudai masomo ya awali: anatomia, fiziolojia, takwimu, saikolojia ya ukuaji, na sosholojia au anthropolojia. Ya saikolojia unayo. Anatomia na fiziolojia, nadhani, huna, na vyuo vingi havitaki masomo hayo yawe ya zamani sana, kwa hiyo usikimbilie kuyasoma kabla hujajua unaomba mwaka gani. Ukishaingia, mwisho wa kozi kuna wiki 24 za vitendo kwa siku nzima, kisha mtihani wa taifa wa NBCOT, kisha leseni ya jimbo. Utakuta wanakuvutia na uzamivu wa kuanzia. Kwa anayeanza, uzamili na uzamivu huo vyote vinampeleka kwenye mtihani ule ule na leseni ile ile. Uzamivu ni muda zaidi na pesa zaidi, na kwa hali yako siuoni faida yake.

Uingereza shahada ya kwanza ya fani hii bado ipo, lakini kuna uzamili wa miaka miwili kwa waliotoka fani nyingine, na ukimaliza unaomba usajili wa HCPC, baraza linalosajili fani za afya huko. Kanada kozi zote za kuingia fani ni za uzamili. Afrika Kusini, ambako wengi wetu hukutazama kwa kuwa ni karibu na ni Afrika, mambo ni kinyume: mtu huingia kwa shahada ya kwanza ya miaka minne, na uzamili wa vyuo vikuu vya Cape Town au Witwatersrand (Wits) ni wa waliokwisha kuwa wataalamu. Usipoteze ada ya maombi huko. Hapa kwetu njia iliyozoeleka ni stashahada ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ndiyo niliyopita mimi kabla ya kujiendeleza. Na nitakwambia jambo ambalo watu wenye digrii hawapendi kulisikia: kama haja yako kubwa ni kuwa wodini na watu wa Lamu mapema, stashahada ya miaka mitatu hapa nyumbani inakufikisha kwa gharama ndogo sana kuliko uzamili wa ng'ambo. Si kushuka. Nimefanya kazi na watu wa stashahada wenye mikono ambayo maprofesa wangu wangeionea wivu.

Pesa. Ada ya Marekani ukiigeuza kuwa shilingi ni mamilioni kadhaa, na Uingereza si haba. Lakini kinachowaangusha watu si ada peke yake, ni zile wiki za vitendo. Mara nyingi hazilipwi, ni siku nzima kama mwajiriwa, na mara nyingine ni mji mwingine ambako inabidi ukodi chumba cha pili. Muda huo huwezi kufanya kibarua. Piga hesabu ya miezi hiyo kana kwamba hutaingiza hata senti. Kuhusu ufadhili, watu watakwambia uombe Chevening, ule wa serikali ya Uingereza. Ni ufadhili mzuri, lakini hulipia uzamili wa mwaka mmoja, na uzamili wa kuingia fani hii Uingereza ni wa miaka miwili. Tena hudai urudi nyumbani ukae miaka miwili, sharti ambalo kwako si adhabu. Kwa hiyo huo uweke akiba kwa siku utakapotaka ule uzamili wa pili.

Yapo madogo yanayochelewesha watu, nikutajie yaliyonipata. Kabla ya kupelekwa wodini watataka cheti cha tabia njema cha polisi, chanjo ya homa ya ini aina ya B, na kipimo cha kifua kikuu. Sisi tuliochanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, tukipimwa kwa sindano ya ngozi mkono unaweza kuvimba bila ya sisi kuwa na ugonjwa wowote. Mimi ulivimba. Wiki mbili nilikaa nje ya kazi nikitazamwa kama mwenye ndui, mpaka muuguzi mmoja akaniuliza nimezaliwa wapi. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo. Hicho hakidanganywi na BCG. Jingine: hospitali za umma za Uingereza zinataka mikono iwe wazi kuanzia kiwiko kwenda chini unapomhudumia mgonjwa. Msichana wa Lamu aliyezoea mikono mirefu atashtuka. Yako mapatano, kama mikono ya kuvaa na kutupa, lakini yazungumze na msimamizi kabla ya siku ya kwanza, si mlangoni mwa wodi.

Sasa nije kwenye kusoma kwenyewe, maana hapo ndipo watu hawaulizi.

Jina letu kwa Kiswahili linatuponza. Ukisema tiba kazi, mtu anadhani unamtafutia ajira. "Kazi" hapa ni kila shughuli inayoijaza siku ya mtu: kutawadha, kufunga leso, kuuza samaki, kucheza bao, kulea. Waanzilishi waliokutana Clifton Springs, jimbo la New York, mwaka 1917, waliamini kwamba mgonjwa akirudishiwa shughuli anarudi mwenyewe. Mmoja wao, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyeugua kifua kikuu na baadaye kupooza upande mmoja, kwa hiyo hakuwa akisimulia habari za watu wengine.

Kutokana na wazo hilo limezaliwa somo ambalo utalichukia muhula wa kwanza: kuchanganua shughuli. Unapewa shughuli moja, unaivunja vipande mpaka hakibaki kitu. Mwalimu wangu alituambia tuchague shughuli ya nyumbani. Wenzangu waliandika kuhusu kutengeneza chai. Mimi nikaandika kuhusu kukuna nazi. Kukaa juu ya mbuzi, kwamba nyonga zinakunjwa na kiti ki chini, kwa hiyo mwenye goti bovu ameshashindwa kabla hajaanza. Mikono miwili yote inafanya kazi lakini si sawa: mmoja unakishika kifuu, mwingine unasukuma na kuzungusha. Kifundo cha mkono kinageuka mara mamia. Jicho linafuata weupe, na kiganja kinatambua, kabla ya jicho, kwamba sasa umefika kwenye gamba. Kuna kumbukumbu ya mpangilio, kuna hatari ya meno ya chuma, kuna mazungumzo ya jikoni yanayoendelea pembeni, na kuna fahari ya tui zito. Kurasa tisa. Mwalimu hakuwahi kuiona mbuzi, ikabidi nimchoree. Huo ndio utajiri utakaokwenda nao, mwanangu. Wengine watakwenda na mashine ya espresso.

Nadharia zipo nyingi na si zote zinafaa kubebwa hadi Lamu. Gary Kielhofner, tangu 1980, alitufundisha kumtazama mtu kwa hamu yake, mazoea yake, uwezo wake, na mazingira yake. Itumie hiyo kwa bibi yako. Mkono wa kushoto uwezo unao. Kinachogoma ni thamani anazozishika, na hizo ziko upande wa hamu, si upande wa misuli. Aliyemfundisha alitibu sehemu isiyougua. Simlaumu sana, vitabu vyetu vingi vimeandikwa na watu ambao kwao mkono wa kushoto ni mkono tu.

Nyingine niipendayo ni ya Michael Iwama na wenzake wa Japani, iliyotoka kitabuni mwaka 2006 kwa jina la Kawa, maana yake mto. Maisha ni maji, shida ni mawe, kuta na sakafu ya mto ni watu na mahali, na magogo yanayoelea ni tabia na mali za mtu, ambazo zinaweza kusukuma mawe au kunasa na kuziba. Lamu hakuna mto. Lakini nilipomweleza nahodha mmoja mzee kwa mfano wa mkondo wa Mkanda, kwamba maji yamekupwa na chombo kimekaa mchangani, aliniambia mwenyewe kipi ni fungu, kipi ni mzigo unaoweza kushushwa, na kipi ni kungoja bamvua tu. Nilijaza karatasi ya tathmini kwa nusu saa bila ya kumuuliza swali hata moja la kwenye fomu. Iwama mwenyewe alitaka watu wabadilishe mfano uwafae, kwa hiyo sikuiba.

Nisikufiche kosa langu pia. Mwaka wangu wa kwanza kazini, nilimpa mvuvi aliyepooza mkono koni za plastiki azipange na kuzipangua. Alikuja wiki mbili, akaacha. Niliandika kwenye faili kwamba hana ushirikiano. Baada ya miezi nikamkuta ufukweni, wavu ameufunga kwenye kidole gumba cha mguu, mkono mgonjwa umeubana upande mmoja, mzima unashona. Saa nzima kwa siku, kila siku, bila ya kusukumwa na mtu. Nilirudi nikafuta lile neno kwenye faili. Uzamili mzuri utakufundisha kuuliza kwanza mtu huyu siku yake hujaa nini; mbaya utakufundisha koni kwa Kiingereza kigumu zaidi.

Lamu utafanya nini? Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti, kwa hiyo mwajiri wako wa kwanza ni kaunti, na nafasi hutegemea bajeti, sio wingi wa wagonjwa. Kabla hujasafiri, pata kwa maandishi kutoka kwa wanaosajili fani hii Kenya kwamba shahada ya chuo hicho wataitambua. Ukiwa mwalimu una mlango wa pili ambao mimi sikuwa nao: vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vile vilivyoanzishwa 1984 na ambavyo kila mtu anaviita EARC. Mwalimu anayejua usonji na mtindio wa ubongo kwa macho ya tiba kazi, anayejua kwa nini mtoto hashiki kalamu na ni dawati lipi limfae, ni mtu adimu.

Na mji wenyewe ni darasa. Kiti cha magurudumu cha kawaida ni upana wa sentimita sitini na kitu. Pima uchochoro wa kwenu, kisha mweke punda mwenye magunia mawili. Hesabu ngazi za daka, kimo cha kizingiti, vidato hadi chumba cha kulala cha juu. Shuka gatini maji yakiwa yamekupwa utazame mzee mwenye fimbo anavyoingia kwenye boti ya Mokowe. Mji huu uliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, hutavunja ukuta kuweka njia ya magurudumu. Ukitafuta mada ya tasnifu, iko mlangoni kwenu, na sijaona aliyeifanyia haki.

Kitu cha kwanza cha kufanya ni kuomba hospitali ikuruhusu kukaa kwenye chumba cha tiba kazi wakati wa likizo, ukitazama tu. Vyuo vingi vya Marekani huzitaka saa hizo. Lakini mimi nakutuma kwa sababu nyingine: utaona mate, mikojo, hasira na uchovu, na utajua kama bado unaitaka. Kwenye barua yako ya maombi usiandike kwamba unapenda kusaidia watu. Kila mmoja ameandika hivyo. Andika habari ya mkono wa kulia wa bibi yako.

Nije kwake. Mkono wa kulia ukipooza, kilichoumia ni upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa wengi ndiko lugha iliko, kwa hiyo kama maneno yanamkwama usidhani haelewi. Kwanza tazama kama vidole vinakunja hata kidogo. Vikikunja, chukua kijiko, mpini wake uzungushie kitambaa au kipande cha mpira wa ndara mpaka unenepe, umtie mkononi mwa kulia. Mketishe kitini wima, mezani, si mkekani, kiwiko cha kulia kiwe juu ya meza. Kisha mkono wa kushoto uje chini ya kifundo cha mkono wa kulia, uunyanyue hadi mdomoni. Anayekula ni mkono wa kulia. Wa kushoto umekuwa mbebaji tu. Nimeona wazee waliogoma miezi wakikubali hilo siku ya kwanza. Tandika kitambaa kibichi chini ya sahani isiteleze. Anza na ubwabwa unaoganda kwenye kijiko, mchuzi uje baadaye. Akikohoa au sauti ikiwa ya majimaji anapomeza, simamisha, umrudishe hospitali wamtazame kumeza kwanza.

Kama mkono haushiki kabisa, ulaze mezani kiganja chini, karibu na sahani, ashiriki kwa kuwepo, na habari ya kula kwa kushoto mwachie imamu anayemwamini. Hukumu ya mwenye udhuru ataisikiliza kwake kuliko kwangu au kwako. Unapomwinua kitandani usimvute kwa mkono ule. Bega lililolegea huteguka upesi na likishauma hataruhusu tena kuguswa.

Mara za mwanzo uwe wewe na yeye tu chumbani. Vijiko vitatu vinatosha kwa siku, vinavyobaki mlishe kama kawaida, maana mkono huchoka kabla ya mwenyewe kukiri. Na usimpige video ya kupeleka kwenye kundi la familia mpaka aseme yeye.